Baba wa Kwenye Cheti

Mimi ni fundi wa majokofu. Friji, friza, viyoyozi, vyumba vya baridi vya kuwekea nyama na samaki, vyote tunajuana. Kazi yangu ina raha moja: mashine haidanganyi. Ikikataa kupoza kuna sababu, na sababu imo ndani ya mashine yenyewe, ukiitafuta utaipata. Kwa hiyo dada wa dirishani kwenye ofisi ya pasipoti aliponiambia kwamba binti yangu si wangu, nilimwomba kwa upole aangalie tena.

"Nimeangalia, mzee," akasema. "Kompyuta imekataa."

"Imekataa nini?"

"Imekukataa wewe."

Tulikuwa watatu pale mbele ya kioo: mimi, mke wangu, na binti yetu ambaye mtaani wanamwita Injinia. Jina hilo lilianza kama utani. Tangu akiwa shule ya msingi, akitoka darasani anakuja karakana kwangu, anavaa koti langu la kazi juu ya sare, linamfika magotini, anaanza kufungua skrubu. Wateja walikuwa wakicheka. Baadaye wakaacha kucheka, wakawa wananipigia simu wanauliza, "Fundi, unakuja mwenyewe au unamtuma Injinia?" Nikisema nakuja mwenyewe, wanaguna. Ukitaka kujua wivu ni nini, gunwa na mteja wako mwenyewe kwa sababu ya mtoto uliyemfundisha kushika bisibisi.

Kampuni moja inayouza mitambo ya baridi ilitangaza nafasi chache za vijana kwenda kusoma ng'ambo. Kila kijana alipewa friza mbovu aitafute kasoro. Wenzake walianza kufungua na kubomoa. Injinia aliweka sikio kwenye kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, akasikiliza, akapaka povu la sabuni kwenye kiungio kimoja tu cha bomba, na povu likafura palepale, gesi ilikuwa inavujia hapo. Nafasi akapata. Sharti lilikuwa awe amefika chuoni kabla masomo hayajaanza, la sivyo nafasi inakwenda kwa anayefuata. Na kwa kuwa hajafikisha umri wa utu uzima, maombi yake ya pasipoti lazima yasainiwe na baba.

Basi nikaja kusaini. Nilivaa shati la mikono mirefu na viatu vya kufunga kamba, kwa heshima ya serikali.

Dada wa dirishani hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo sasa, siku ile nilimwona mbaya kupindukia. Alikuwa na miwani iliyofungwa uzi shingoni, na kila alipotaka kusema jambo zito aliivua kwanza. Akaivua, akamgeukia mke wangu.

"Mama, wewe umeolewa?"

"Ndiyo. Na huyu hapa."

"Humu ndani inasoma umeolewa na mtu mwingine."

Akalitaja jina la huyo mtu, majina yote matatu, wazi, mbele ya foleni nzima. Nyuma yetu mtu akasema "Ehee!" kwa sauti ya mtu aliyechoka kusubiri ambaye sasa amepata cha kumchangamsha. Nikageuka, nikamkodolea macho mpaka akainamia simu yake.

Mwenye jina hilo namjua. Mji mzima unamjua. Anaitwa Magodoro, kwa sababu anauza magodoro. Alimwoa mke wangu kabla yangu, ofisini kwa msajili, kwa saini na mashahidi. Waliishi pamoja, mtoto hakupatikana, wakachokana, wakaachana. Ugomvi wala haukuwepo. Familia mbili zilikaa kikao, mwenyekiti akiwa kaka wa mke wangu, yaani shemeji yangu, na vitu vikagawanywa: huyu kabati, yule kitanda, huyu masufuria. Nasikia hata mifuniko ya masufuria ilijadiliwa. Mwisho wakapeana mikono, wakanywa chai, kila mtu akashika njia yake. Kwetu hapo ndoa imekwisha. Nani angekwenda tena mahakamani kuhangaika na foleni, kuomba ruhusa ya kuacha kitu ambacho kimeshaachwa? Nilipokuja kuposa nilipokewa na shemeji yuleyule, kwenye viti vilevile, na habari ya karatasi haikutajwa na yeyote.

"Tulishaachana zamani," mke wangu alimwambia dada wa dirishani.

"Mliachania wapi?"

"Nyumbani."

Dada akavaa miwani yake tena. "Nyumbani hakutoi talaka, mama. Ndoa ya ofisini inavunjwa na mahakama, halafu inakuja kuandikwa kwa msajili kwamba imevunjwa. Hapa hapajaandikwa kitu. Kwa hiyo binti alipozaliwa wewe ulikuwa mke wa huyo mtu, na mpaka leo asubuhi ni mke wake. Na sheria inasema mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa ni wa mume."

"Lakini cheti chake cha kuzaliwa kina jina langu," nikasema. "Soma hapo. Baba: mimi."

"Nimesoma. Ndiyo maana imekataa. Zamani habari za ndoa zilikuwa chumba kingine na za vizazi chumba kingine, hazikuwa zinaonana. Sasa zote zimeingizwa kwenye kompyuta moja, zimeonana."

Injinia akasogea kwenye kioo, akauliza, "Sasa baba afanye nini?"

"Baba yupi?" akauliza dada.

Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua tu, ajibu vizuri.

Shemeji yangu ni mtu wa vikao. Hakuna msiba, harusi wala ugomvi wa kiwanja ambao hakukalia kiti cha mbele. Tulipomfikia mchana ule na habari yetu, alisimama katikati ya sebule yake akapandwa na mori.

"Tuliyamaliza kifamilia!" akasema. "Mimi mwenyewe nilikuwa mwenyekiti!"

"Basi nenda ukaiambie kompyuta kwamba ulikuwa mwenyekiti," nikamjibu.

"Shemeji, usinivunjie heshima."

"Heshima yako iko palepale. Yangu ndiyo imeondolewa leo dirishani."

Mke wangu akatwambia tunyamaze wote wawili. Alikuwa amekaa na mkoba wake mapajani, kama mgeni, nyumbani kwa kaka yake wa tumbo moja. Akasema, "Kumbe miaka yote hii nimekuwa nikimpikia jirani." Akacheka, halafu kicheko kikamgeuka, akatafuta kitambaa. Shemeji akakaa.

Wazo lililotoka pale ni kwamba mke wangu aombe talaka haraka, tufunge ndoa yetu ofisini, mambo yaishe. Nikalipenda. Kesho yake tukalipeleka kwa msajili msaidizi, kijana mmoja mpole, tai shingoni, ambaye akieleza jambo anachora kwa kidole juu ya meza kana kwamba kuna ubao.

"Talaka mkiomba leo, inaanza leo," akasema, akachora mstari. "Hairudi nyuma. Binti amezaliwa huku," akagusa upande wa pili wa meza, "wakati ndoa ipo. Hata mkiachana mara kumi, yeye anabaki amezaliwa huku."

"Sasa tufanyeje?"

"Njia ziko mbili. Ya kwanza ni mahakama itamke kwamba huyo mume siye baba. Anaitwa yeye, anaitwa mama, vinachukuliwa vipimo vya damu, faili linapanga foleni. Kuna familia moja ilianza kesi mtoto akiwa na nepi. Hukumu alikuja kuisikiliza amevaa sare ya shule."

"Na ya pili?"

Kijana akashika tai yake. "Ya pili ni fupi. Mume aje hapa akiri kwamba ndiye baba. Tunasahihisha kumbukumbu ya kuzaliwa ikubaliane na ndoa, cheti kipya kinatoka, yeye anasaini pasipoti. Kompyuta haitakuwa na neno."

"Na mimi?"

"Wewe unaondoka kwenye cheti."

"Naenda wapi?"

"Huendi popote, mzee. Unabaki nyumbani kwako kama kawaida. Akishakuwa mtu mzima, mnaweza kwenda mahakamani taratibu, mkairudisha."

Alisema "taratibu" kwa namna tunavyomwahidi mtoto baiskeli. Nikamshukuru, maana sikuwa na neno jingine la adabu mdomoni, nikaenda moja kwa moja buchani kumaliza kazi ya friza niliyoiacha. Nikaijaza gesi kupita kiasi. Kazi ambayo naifanya usingizini, nikaivuruga mchana kweupe, nikalazimika kuitoa yote na kuanza upya huku mwenye bucha akinitazama bila kuuliza. Nilikuwa na hasira. Na yule kijana wala simlaumu, kwa sababu alikuwa sahihi kila neno, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Nilipomweleza Injinia, alikuwa karakana akisafisha bomba la shaba. Hakuacha kusugua.

"Siendi," akasema.

"Huendi wapi?"

"Siendi kuwa mtoto wa mtu mwingine. Tutakwenda mahakamani."

"Mahakama itachukua muda. Chuo hakisubiri."

"Basi kisisubiri."

Niseme ukweli: nilifurahi. Nikageuza uso nikajifanya natafuta koleo. Mtoto wangu amenichagua mimi, ameacha ng'ambo. Nikajiona mtu. Lakini nilipomwangalia nikaona anavyolisugua lile bomba, lilikuwa limeshatakata zamani na yeye bado anasugua, na machozi yanamdondokea juu ya shaba. Alikuwa anaitaka nafasi ile kuliko kitu chochote. Kila alichokijua amekipata kwangu, na mimi nimefika mwisho wangu. Ile mitambo mikubwa ya bandarini na ya hospitali nimeiona kwa nje tu, wakinifungulia mlango nitengeneze kiyoyozi cha mlinzi. Akibaki kwangu atakuwa mimi, na mimi mmoja natosha.

"Kesho tunakwenda kwa Magodoro," nikamwambia.

"Baba, nimesema siendi."

"Na mimi nimesema tunakwenda. Ukikataa, humu karakana hutagusa hata bisibisi. Nakufukuza kazi."

"Hujawahi kunilipa. Utanifukuzaje?"

Tukacheka wote, na mambo yakawa yameamuliwa.

Usiku kucha niliandaa maneno ya kumwambia Magodoro. Niliandaa ya upole, nikaandaa na matusi ya akiba. Nilijua atataka kitu. Mtu ambaye mke wake wa zamani ana maisha mazuri na mwenzake, leo anafuatwa kupigiwa magoti, hawezi kukosa la kudai. Nikasema moyoni, na adai tu, mradi nipate sababu ya kumchukia kwa raha zangu.

Duka lake limejaa mpaka darini. Magodoro yamesimama, yamelala, yameviringishwa, yote ndani ya nailoni, na ukiingia sauti yako inamezwa, unajisikia unanong'ona hata ukipaza. Yeye alikuwa juu ya ngazi. Aliposhuka akamsalimu mke wangu kwa adabu, akanipa mkono mimi, akamtazama Injinia kidogo. Mke wake wa sasa alikuwa kwenye kaunta anakata nailoni kwa mkasi. Hao nao hawana mtoto. Na kwa jinsi mambo yalivyokaa, kisheria hata ndoa hawana, maana Magodoro bado ni mume wa mke wangu. Tulikuwa watu wazima wanne mle dukani, na ndoa pekee iliyotambuliwa na serikali ni ile isiyokuwepo.

Mke wangu ndiye aliyeeleza. Alieleza vizuri, bila kuzungusha, tangu dirishani mpaka kwa kijana wa tai. Magodoro akasikiliza amesimama, halafu akakaa polepole juu ya godoro moja, nailoni ikalia.

"Yaani kwa serikali," akasema, "mimi nina mtoto?"

"Kwa serikali," nikasema.

"Tangu lini?"

"Tangu alipozaliwa."

Akawa anamtazama binti yangu kama mtu anayesoma maandishi madogo. Mkasi kwenye kaunta ulikuwa umesimama. Nikasubiri adai. Mke wake ndiye aliyezungumza kwanza, na akazungumza na mume wake, si na sisi.

"Basi muulize kama amekula," akasema.

Sikuwa na jibu la akiba kwa hilo. Injinia akasema asante mama, amekula. Magodoro akajifuta uso kwa mkono mzima. Akasema hakatai, atasaini popote, siku yoyote, duka atafunga. Hakutaka chochote. Tulipokuwa tunaaga, akanivuta pembeni kidogo, sauti ya chini.

"Fundi, nisamehe kwa kuuliza. Cheti kipya kikitoka, naweza kubaki na nakala moja?"

Nakwambia, angeniomba nyumba yangu ningemwelewa zaidi. Nilitaka kumuuliza nakala ya nini, ya kuangika wapi, ya kumwonyesha nani. Mke wangu alikuwa ameshasikia. "Utapewa nakala," akamwambia, akanishika kiwiko, tukatoka.

Kwa msajili hapakuchukua muda. Magodoro alifika kabla yetu, amevaa suti ya rangi ya majivu na amenyoa ndevu. Kijana wa tai akamsomea, akakiri, akasaini. Halafu karatasi ikageuzwa ikaletwa upande wangu.

"Na wewe mzee, hapa. Kwamba huna pingamizi."

Siku ya kwanza nilikuwa nimekuja dirishani kusaini kama baba. Sasa nikasaini. Hiyo ndiyo saini pekee niliyotoa katika safari nzima ya pasipoti ile. Mtambo wa kuchapa ukanguruma, cheti kikatoka kikiwa na joto. Magodoro akapewa nakala yake, akaikunja taratibu sana, akaitia mfuko wa ndani wa koti.

Tuliporudi kwa dada wa dirishani, kompyuta ilikubali bila hata kukohoa. Dada akavua miwani. Nikajua bado kuna jambo.

"Kwa mtoto anayesafiri peke yake kuna mahojiano kwa ofisa mkuu," akasema. "Wanakaa wote watatu, baba, mama na mtoto, anawauliza. Kuna watu huazima wazazi ili wavushe watoto wa watu, kwa hiyo yule mzee ana pua kali. Akihisi mtoto ana baba wawili, faili linakwenda mahakamani siku hiyohiyo." Akaniangalia mimi, kwa huruma nadhani. "Baba awe mmoja, mzee wangu. Wewe kaa mbali."

Kwa hiyo nikamfundisha. Tulifunga mlango wa karakana, nikakaa juu ya kompresa kuukuu, yeye akasimama mbele yangu.

"Baba yako anaitwa nani?"

Akanitaja mimi. Ulimi ulimtangulia, akaziba mdomo.

"Tena. Baba yako anaitwa nani?"

Akalitaja jina la Magodoro, lakini kwa kusitasita, macho yakiwa sakafuni. Nikamwambia hivyo hapana, mtu hasiti kwenye jina la baba yake. Tena. Akalitaja kwa hasira. Nikamwambia usinune, hakuna aliyekulisha shubiri. Tena. Anafanya kazi gani? Duka liko wapi? Tulirudia jioni hiyo na jioni zilizofuata, katikati ya kazi, ameshika geji ya kupimia gesi mkononi, mimi namtupia swali ghafla. Niliyafundisha yale majibu kama ninavyofundisha kujaza gesi: hatua kwa hatua, mpaka mkono ujue wenyewe. Mwisho akawa anajibu bila kufikiri, na kila akijibu vizuri nilimwambia vizuri, na kila nikisema vizuri nilikuwa naumia. Tukakubaliana na jambo moja zaidi. Ikitokea tukakutana popote ndani ya jengo lile, asinitazame. Uso wake hauwezi kuficha kitu, anautoa kwa mama yake.

Nilisema sitakwenda. Nikaenda. Niliwaacha watangulie, nikaingia na watu wengine, nikakaa kwenye benchi la koridoni nimeshika bahasha tupu, nikajitia hamnazo. Mlango wa ofisa mkuu ulikuwa wazi, kwa sababu kiyoyozi chake kilikuwa kinapuliza joto. Nilikisikia kutoka pale nje: feni inazunguka, kompresa inajaribu kuwaka, inashindwa, inajaribu tena. Kifaa kidogo tu cha kubadilisha. Niliwaona wote watatu kwa mgongo, binti yangu katikati.

Ofisa alikuwa mzee mzito, anauliza akiandika.

"Baba yako anaitwa nani?"

Akataja majina matatu, moja kwa moja.

"Anafanya kazi gani?"

"Anauza magodoro. Duka liko nyuma ya stendi kuu."

"Mama?"

Akajibu. Ofisa akamuuliza Magodoro tarehe ya kuzaliwa ya mtoto, Magodoro akaitaja, na akaitaja vizuri kuliko ambavyo ningeitaja mimi, maana mimi huwa naulizia kwa mama yake. Moyo wangu ukaanza kutulia. Ofisa akafungua barua ya chuo, akaisoma, akasogeza kiti.

"Hawa wamekusifu sana," akasema. "Wanasema ulipata kasoro kwa kusikiliza tu. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Umri huu? Kazi hii umejifunza wapi? Baba yako si anauza magodoro?"

Hilo hatukuwa tumeliandaa. Nikaona shingo ya mke wangu imekakamaa. Nikasikia kompresa ikijaribu, ikishindwa. Na mimi nikasimama. Sikusudii kusema nilifikiri jambo la maana. Nilisimama kwa sababu swali lile lilikuwa langu, katika maswali yote aliyouliza tangu asubuhi lilikuwa hilo moja tu, na nilitaka kuingia niseme: mimi. Basi. Neno moja. Nikapiga hatua mpaka karibu na mlango, nikaiona akilini ile pasipoti, nikaona chuo, nikaona faili linabebwa kwenda mahakamani. Nikarudi nikakaa.

"Kuna fundi mmoja mtaani kwetu," binti yangu akasema.

"Fundi?"

"Fundi wa friji. Nilikuwa napita pale nikitoka shule."

"Ni ndugu yenu?"

"Hapana. Ni jirani tu."

Hakusita, hakununa. Magodoro akakohoa kidogo. "Fundi mzuri sana yule," akasema. "Mtu mwema sana."

Ofisa akapiga muhuri. Kisha akapiga mwingine, akafunga faili, akamkabidhi binti yangu pasipoti, akamnyooshea Magodoro mkono, akamwambia, "Hongera, mzee, umelea." Magodoro akaupokea ule mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Na wewe binti," ofisa akasema, "kabla hujaondoka nchini, upite ukamshukuru huyo fundi."

"Nitamshukuru," akasema.

Wakatoka. Mke wangu mbele, Magodoro nyuma yake, binti yangu akiwa wa mwisho, pasipoti ameikumbatia kifuani. Akapita mbele ya benchi langu, karibu kiasi kwamba sketi yake ilinigusa goti, na hakunitazama.